Kasoro ya Bia ya Pasheni

Kwenye kiwanda cha wale ndugu wawili, kusifu bia kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu. Mgeni aliyeingia chumba cha kuonjea, akapiga funda moja na kusema "tamu hii," alitazamwa kama mtu aliyepanda kitandani na viatu. Wenyewe walikuwa na utaratibu wao, waliouanza tangu enzi za kupikia kwenye mapipa nyuma ya gereji ya kukodi: mnamimina, mnanusa, mnaonja, mnataja kasoro. Basi. Povu limekufa mapema. Uchungu umekaa mbele mno. Kuna harufu ya kadibodi, nani aliacha mfuko wa kimea wazi? Ukikosa kasoro ya kutaja unanyamaza, unaipindua glasi yako kifudifudi mezani, na bia hiyo inaruhusiwa kwenda kwa watu.

Aliyeleta sheria hiyo ni kaka mtu. Watu wa mabaa walimwita Fundi Mkubwa, na mdogo wake wakamwita Fundi Mdogo, jina lililomganda hata alipoota mvi na kunenepa kumshinda kaka yake. Fundi Mkubwa alikuwa na pua ya ajabu na ulimi usio na huruma. Alisema mpishi wa bia akishasifiwa huanza kusikiliza sifa, akaacha kusikiliza tangi. Hata nyumbani hakuwa na lugha nyingine. Alipooa, mkewe alikaa muda mrefu akidhani chakula chake hakipendwi, maana bwana alikula, akamaliza, akanyanyuka kimya. Fundi Mdogo ndiye aliyemtoa wasiwasi. "Shemeji," alimwambia, "huyo akinyamaza ujue umemweza. Siku akifungua mdomo ndiyo uanze kulia." Shemeji alicheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa kirefu.

Walijulikana kwa bia moja, nyeusi, ya kimea walichokikaanga wenyewe kwenye pipa la kuzungusha kwa mkono. Fundi Mkubwa alisimama kando ya pipa akinusa moshi. Mara tu harufu ilipotoka kwenye mkate na kuanza kuelekea kwenye kahawa, aliinua mkono, na moto ukazimwa papo hapo. Hakutumia saa wala kipimo. Ilikuwa bia nzito, chungu, ya kunywa taratibu na mtu unayemheshimu.

Kisha wanywaji wakashikwa na homa ya mambo mapya. Zilianza kuja bia chungu kupindukia, watu wakawa wanashindana kukunja nyuso. Zikafuata zenye ukungu, ambazo zamani mpishi angezimwaga chooni kwa aibu, na sasa mteja akiletewa bia inayoangaza anaiona maskini. Zikaja za kahawa, za nazi, za tangawizi, hata za keki, na nyuma yake wakaja wanaotaka bia isiyo na kilevi kabisa, kama mtu anayenunua sabuni isiyotoa povu. Mwenye baa ya barabara kuu aliwaeleza ndugu hao bila kuficha. "Wazee wangu, siku hizi mtu anaipiga bia picha kwanza, kunywa baadaye. Hii yenu kwenye simu inaonekana kama soda."

Fundi Mkubwa alimjibu kwamba yeye hapikii simu. Fundi Mdogo aliondoka na jambo kichwani.

Si njaa tu iliyomsukuma, ingawa njaa ilikuwepo. Kilichomsukuma zaidi ni hamu. Maisha yake yote alikuwa amepika bia ya kaka yake, na akaipika vizuri, lakini alitaka kujua kama ndani yake mna bia nyingine. Akaanza kujaribu pasheni, yeye na binti wa kaka yake, aliyekuwa amehitimu masomo ya usindikaji wa vyakula na kuajiriwa hapo kiwandani. Mapishi ya kwanza yalinuka shampuu. Mengine yalikuwa machachu kiasi cha kutoa machozi. Walimwaga, wakarudia, wakamwaga tena, mpaka wakapata moja iliyokuwa nyepesi na chachu, yenye harufu ya tunda lililopasuliwa sasa hivi, na nyuma yake kimea kikisikika kwa mbali.

Ndipo akaimimina mezani, mbele ya kaka yake, kwa utaratibu wote. Fundi Mkubwa alinusa. Akaonja. Fundi Mdogo alikuwa amejiandaa kwa kasoro yoyote, hata kumi, maana kasoro ilikuwa mlango: unaambiwa, unarekebisha, unarudi. Kaka yake aliiweka glasi chini, imesimama, imejaa karibu yote.

"Hii si bia," alisema.

Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akatoka. Hasira ikampanda Fundi Mdogo, na mbele ya wafanyakazi wote akasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "Mwacheni aende. Aliyechacha ni yeye." Maneno hayo yalifika yalikopelekwa. Fundi Mkubwa hakukanyaga tena kiwandani.

Hivyo ndivyo ndugu waliochangia kitanda utotoni walivyogeuka watu wa kupeana mikono misibani na kuulizana habari za mvua. Shemeji alijaribu kuwapatanisha akachoka. Binti alibaki katikati, asubuhi kwa baba mdogo, jioni kwa baba, akijifunza nini cha kusema wapi.

Bia ya pasheni ilipaa. Mabaa yaliigombania, watu wakaipiga picha mpaka ikachoka, na Fundi Mdogo akasifiwa kushoto na kulia. Sifa hizo hazikumshibisha. Alirudi nazo nyumbani, akazigeuzageuza, akaona hazina kitu ndani. Hakuna aliyewahi kumwambia kasoro ya ile bia. Yeye mwenyewe alizijua mbili tatu, akazirekebisha, lakini kila alipopindua glasi yake mezani alitazama upande wa pili, kwenye kiti kitupu. Bia nyeusi mabaa yalikuwa yameiacha, naye akaiacha. Pipa la kukaangia likawekwa nje, likaanza kushika kutu.

Kisha asubuhi moja binti akaja kazini, akakaa juu ya kreti bila kuvaa aproni.

"Baba mdogo," alisema, "baba anaumwa koo, na ni saratani. Alitukataza kusema."

Walikuwa wamemchoma mionzi, wakamrudisha nyumbani. Madaktari walikuwa wameongea kwa upole, na binti alikuwa mtu mzima wa kutosha kujua upole wa namna ile una maana gani. Fundi Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka nje, akalivuta lile pipa kutoka kwenye nyasi, akaanza kulisugua kwa mchanga. Alikuwa akilia, na binti alimwacha alie.

Aliipika bia nyeusi kama ilivyopikwa zamani, bila kubadilisha kitu. Kwenye kukaanga, alisimama mahali pa kaka yake, moshi ukampiga usoni, na ilipofika wakati aliuinua mkono yeye mwenyewe. Bia ilipokomaa walikaa chumba cha kuonjea, yeye na binti, wakanusa, wakaonja, wakapindua glasi zao. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Atampelekea kaka yake bia yake. Kaka atainywa, atalainika, watazungumza. Na wakishazungumza, labda ataweza kumwomba kile alichokingoja miaka yote: ile ya pasheni, iwe mbaya, iwe nzuri, aihukumu kama bia.

Alikwenda mchana, na pikapu iliyobeba kreti za kupeleka kwenye mabaa, ili akikataliwa ajifanye alikuwa anapita tu.

Shemeji ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amekonda naye, kama watu wanaouguza.

"Karibu, shemeji. Umechelewa, lakini karibu."

"Nisamehe, shemeji."

"Mwambie yeye. Yuko sebuleni, tumemhamishia kitanda dirishani. Usimchoshe." Akashusha sauti. "Chakula hakipiti. Maji anasema yana kutu, uji anasema ni saruji. Kitu pekee kinachomfikia ni ndimu."

Makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani. Kwenye kimeza kando ya kitanda palikuwa na bakuli, taulo ndogo, na kisahani cha ndimu zilizokatwa, moja imefyonzwa mpaka ganda. Fundi Mkubwa alikuwa amelazwa juu ya mito, shingo imegeuka rangi mahali mionzi ilipopita. Mwili wote ulikuwa umepungua. Kilichobaki kama zamani ni ile pua.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Sauti ilitoka kwa mikwaruzo. Alimkagua mdogo wake kuanzia juu hadi chini, bila haraka. "Umenenepa. Sukari ya zile juisi zako hiyo."

Fundi Mdogo alitaka kucheka akashindwa. Maneno aliyoyapanga njiani yalimkwama, kwa hiyo akafanya anachokijua. Alifungua mfuko, akatoa glasi mbili za chumba cha kuonjea alizozifunga kwa gazeti, akatoa chupa, akamimina kwenye moja. Bia nyeusi ikapanda na povu lake la rangi ya maziwa ya chai. Fundi Mkubwa aliitambua kabla haijamfikia.

Aliishika glasi kwa mikono miwili, akainusa. Alikaa nayo puani muda mrefu, na macho yakajaa maji.

"Umekaanga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mkono uliinua wapi?"

"Moshi ulipotoka kwenye mkate."

Mgonjwa alitikisa kichwa polepole kukubali, akameza mate kwa taabu, kisha akapiga funda.

Uso wake ulikunjamana wote. Mwili ukamkakamaa, mkono ukatafuta bakuli, na Fundi Mdogo akaliwahisha mdomoni. Ile bia ilitoka yote, ikatoka na mate yenye damu kidogo. Alikohoa, kila kikohozi kikimchana koo upya, na mdogo wake akamshika mabega, akayahisi mifupa mitupu.

Hapo ndipo Fundi Mdogo alipoona alichokifanya. Mtu mwenye koo lililochomwa, yeye kamletea kitu kichungu kuliko vyote anavyovijua duniani, tena akakipika kwa wiki kadhaa kwa mapenzi. Mtu yeyote asiyepika bia angeleta tikiti maji. Alijichukia.

"Kama kulamba kufuli," Fundi Mkubwa alisema, alipoweza kusema. Alijifuta mdomo kwa taulo. Kisha akaitazama sura ya mdogo wake. "Usiiangalie hivyo bia ya watu. Kosa si lake. Ni mdomo huu ndio umekwisha kazi."

"Nisamehe, kaka. Sikufikiri."

"Ulifikiri. Ila ulifikiri kama sisi." Akapumzika, macho dirishani, ambapo sehemu ya nyuma ya pikapu ilionekana. "Umebeba nini kwenye gari?"

"Mzigo wa mabaa tu."

"Mzigo gani?"

Fundi Mdogo alitazama sakafu. "Ile ya pasheni."

Jikoni maji ya bomba yalikuwa yakimiminika kwenye ndoo.

"Ilete," kaka yake alisema.

Fundi Mdogo alitoka hadi kwenye gari, akafungua kreti, akasimama tu pale, mkono juu ya chupa, jua likimchoma utosini. Miaka yote alikuwa ameitaka saa hii, na sasa imefika alitamani kuwasha gari aondoke. Maana kaka yake hakuwa na siku za kugombana na kupatana tena. Akisema "si bia" mara ya pili, hilo ndilo litakalokuwa neno la mwisho kati yao, na yeye ataishi nalo kila siku, kila atakapomimina glasi, mpaka naye afukiwe. Angeweza kurudi ndani na kudai chupa zimepata joto. Shemeji alikuwa akimtazama kupitia dirisha la jikoni. Alichagua chupa iliyokuwa katikati, penye ubaridi, akapiga moyo konde, akarudi.

Aliimimina kwenye ile glasi ya pili. Ikasimama ya manjano, na harufu yake ikasambaa juu ya harufu ya dawa.

"Na usije baadaye ukajidanganya kwamba ni ugonjwa ulioonja," Fundi Mkubwa alisema. "Uchungu na utamu nimepokonywa. Uchachu naupata kuliko zamani. Na pua bado yangu."

Akainusa. Akaizungusha kidogo kwenye glasi, akainusa tena, nyusi zimekutana kama zilivyokutana siku zote akiwa kazini, na kwa kitambo kifupi hakuonekana mgonjwa. Akapiga funda dogo, akaliweka mdomoni. Fundi Mdogo aliliangalia lile koo. Lilisita, likapanda, likashuka. Halikurudisha kitu.

Akapiga la pili. Akangoja. La tatu.

Fundi Mdogo hakuvumilia. "Taja tu, kaka. Povu halikai, hilo nalijua. Na mwishoni labda kuna—"

Fundi Mkubwa aliinua kidole kimoja kutoka kwenye glasi. Mtu haongei mwenzake akiwa anaonja. Fundi Mdogo akafunga mdomo kama mwanafunzi aliyekemewa, na akaona ajabu jinsi kukemewa kule kulivyomtuliza.

Ilichukua muda. Kila funda lilikuwa safari, na baada ya kila moja mgonjwa alilaza kichwa kwenye mto, akapumua, kisha akairudia glasi mwenyewe, bila kuombwa. Mara moja alifumba macho, na mdogo wake akadhani amesinzia, lakini midomo ilikuwa ikitembea, ikitafuta. Alikuwa akiitafuta kasoro. Aliitafuta kwa haki, kwa juhudi zote alizobakiza, kama alivyozitafuta kwenye mapipa yale nyuma ya gereji walipokuwa vijana wenye meno yote. Bia ikapungua, ikafika kwenye kitako, ikaisha.

Aligeuza uso akamtazama mdogo wake machoni, moja kwa moja. Hakufungua mdomo. Akanyoosha mkono hadi kwenye kimeza, akaipindua glasi, akaiweka kifudifudi kando ya kisahani cha ndimu. Tone lililobaki likateremka ndani ya kioo na kulowanisha kitambaa. Kiganja chake akakiacha juu ya kitako cha glasi, kana kwamba inaweza kuinuka tena.

Fundi Mdogo aliuweka mkono wake juu ya mkono huo. Alilia waziwazi, kamasi na vyote, na kaka yake akamwacha alie, mpaka usingizi ukamchukua mgonjwa.

Alipotoka alikuwa ameshika chupa tupu. Shemeji alikuwa jikoni anaosha sufuria ya uji ambao haukuliwa.

"Nimemsikia akikohoa," alisema bila kugeuka. "Kisha sikusikia tena. Amesemaje?"

"Hajasema kitu, shemeji. Amemaliza glasi nzima ya ile ya pasheni. Kisha ameipindua."

Mikono ya shemeji ilisimama ndani ya maji. "Hajataja hata kasoro moja?"

"Hata moja."

Alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye upindo wa gauni, kidole kimoja kimoja, akakaa kwenye kigoda kando ya mlango.

"Basi umepata," alisema. "Mimi nimelishwa kimya hicho maisha yangu yote ya ndoa, nikajifunza kushiba nacho. Lakini tangu augue kila kitu changu kina kasoro, shemeji. Uji una kasoro, supu ina kasoro, mpaka maji ya kunywa. Kila siku naweka sahani mbele yake, nangoja anyamaze."

Akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Fundi Mdogo alibaki amesimama mbele yake na ile chupa tupu, akitafuta pa kuiweka.